Dakika ya Chipsi Darajani

Wakili aliyepanga ghorofa ya chini alishazoea. Miezi ya mwanzo, kila aliposikia mtu akilia kama bata bukini juu ya dari lake, alipanda ngazi kwenda kuuliza kama kuna mgonjwa. Siku hizi aliwaambia tu wateja wake, "Msijali, ni Ghislaine yuko kazini," akaendelea na mirathi yao.

Na kweli alikuwa kazini. Ghislaine Renkin, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, alikuwa amesimama juu ya meza ya studio, mikono kaikunja kama mabawa, shingo kainyoosha mbele, akimtimua adui asiyeonekana. Alipokwisha kumtimua alishuka taratibu kwa kushika bega la mwenzake, akaketi, akachora alichokifanya kabla mwili haujakisahau. Hakuweza kuchora mwendo ambao hakuupitisha kwanza kwenye magoti yake mwenyewe, na kwa kuwa magoti hayo yalikuwa yameanza kugoma, wenzake walimwekea kigoda cha kupandia. Walimwita Mama Bata, naye aliitika bila kinyongo.

Studio ilikuwa mtaa wa Outremeuse, mjini Liège, Ubelgiji, dirisha lake likitazama mto. Mwaka ule, wote waliokuwamo walikuwa na kazi moja tu: kumtoa Hilaire Tarishi kwenye kurasa za vitabu na kumtia kwenye filamu ya katuni. Mji huo hauna nyumba isiyo na angalau kitabu kimoja cha Hilaire, jalada limechanika, mara nyingi kikiwa chooni. Ni tarishi mwenye masharubu, anayepeleka vifurushi kwa baiskeli hadi jangwani na kwenye milima ya theluji, huku kwenye kikapu cha mbele amepakia bata bukini aitwaye Clothilde, ambaye kazi yake ni kuwauma majambazi mahali panapouma zaidi.

Aliyemchora, Achille Somzé, alikuwa amekwisha kufariki. Haki zote alimwachia mtoto wa kaka yake, Bwana Evrard Somzé, mfamasia mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye kuvaa tai hata anapokwenda kununua mkate. Mkataba ulisema wazi: kisichokubaliwa na Bwana Evrard hakiingii kwenye filamu.

Ghislaine hakuwa na ugomvi na mkataba huo. Alimpenda Hilaire tangu hajajua kusoma. Baba yake alifanya kazi kwenye tanuri za chuma huko Seraing, na kila Alhamisi alirudi nyumbani na jarida la watoto alilolikunja mfukoni mwa koti, likinuka grisi. Ndani yake mlikuwa na kurasa mbili za Hilaire, mbili tu. Na Achille Somzé alikuwa na mchezo wake. Kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa pili daima kilimwacha Hilaire taabani: breki zimekatwa na mteremko uko mbele, au daraja limevunjika na chini kuna mamba, au mlango umefungwa na nje mtu anacheka. Basi. Subiri Alhamisi.

Ghislaine na kaka yake Toussaint walisubiri kwa kelele. Toussaint alijua kila jibu, na kila jibu lake lilikuwa la uongo. Walibishana mezani, walibishana njiani kwenda shule, walibishana kitandani mpaka mama yao akagonga ukuta kwa kiatu.

Sasa, miaka mingi baadaye, Ghislaine alikuwa akilipwa mshahara kwa ajili ya Hilaire yuleyule, na hilo lilimfanya aamke kila asubuhi akiwa na hamu ya kazi.

Mwezi wa tatu walimaliza rasimu ya filamu nzima. Rasimu yenyewe ni michoro ya penseli iliyopangwa moja baada ya nyingine, na sauti za kuazimana: mhasibu alikuwa jambazi mkuu, Ghislaine alikuwa bata, na Hilaire alisemewa na Corentin, mwongozaji, kijana mrefu mwenye sweta moja na mawazo mengi. Walizima taa wakaitazama. Breki zikakatwa. Mamba wakatokea. Mlango ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa mwingine. Taa zilipowashwa Corentin alikuwa anang'aa kama sufuria mpya.

"Hakuna kisanduku tulichokiacha," alisema. "Hata mtu akija na kitabu mkononi, atafuata picha kwa picha."

Bwana Evrard, aliyekuwa amealikwa, aliinamisha kichwa kwa heshima. "Ni kazi ya ami yangu yenyewe," alisema. "Sina la kuongeza."

Watu wakapongezana. Ghislaine naye akapongeza, lakini kichwa kilikuwa kinamgonga. Alimeza kidonge na kunywa kahawa, akajiambia kuwa ni giza la chumba.

Jumapili alikwenda kula kwa Toussaint, kama kawaida yake tangu aachane na mumewe. Toussaint alikuwa fundi bomba aliyestaafu, mjane, mpishi wa chakula kimoja: mipira mikubwa ya nyama kwenye mchuzi mtamu wenye siki, na chipsi. Walikula, kisha Ghislaine akaweka kompyuta juu ya meza, katikati ya sahani, akamwonyesha rasimu. Hakuruhusiwa, lakini huyu alikuwa Toussaint.

Toussaint alitazama mpaka mwisho, akawasha kiko.

"Nzuri," alisema.

"Nzuri vipi?"

"Nzuri. Imenichosha kama kupandisha bafu ghorofa ya nne, lakini nzuri."

"Kaka, wewe ndiye uliyekuwa unampenda Hilaire kuliko mtu yeyote mtaani."

"Nilimpenda kwa sababu hadithi zake nilizijua kuliko yule Achille. Unakumbuka ile ya almasi? Nilisema mwizi ni nesi."

"Hakuwa nesi."

"Najua hakuwa nesi. Lakini wiki nzima alikuwa nesi. Nilimwambia kila mtu. Nilimwambia padri." Akavuta kiko. "Sasa nyinyi mmeniacha nikosee saa ngapi? Nafungua mdomo niseme ni nani, jibu limeshapita na mamba wako juu yake. Nafungua tena, treni hiyo. Mwisho nikafunga mdomo."

"Ulikuwa unasinzia."

"Mtu aliyefungwa mdomo atafanya nini zaidi?"

Ghislaine alicheka, kisha akaacha kucheka. Alibaki ameshika uma wenye chipsi moja, akiutazama. Toussaint alimwuliza kama nyama ina mfupa.

Haikuwa na mfupa. Alikuwa ameona walichokosea, na kilikuwa kikubwa kiasi kwamba alishangaa alivyokipita kila siku bila kukigonga. Wachoraji wa hadithi za picha wana ugonjwa wao: huamini kwamba hadithi yote imo ndani ya visanduku. Kwa hiyo walivichukua visanduku vyote kwa uaminifu mkubwa, wakavibandika kimoja kwa kingine, na hofu ya kila wiki ikawa hofu ya kila dakika mbili. Kilichobaki nje ni ile wiki. Ile Ijumaa hadi Jumatano ambamo watoto wa Liège walikuwa wakibishana, Achille Somzé hakuichora, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuihamisha.

Jumatatu hakupanda juu ya meza. Aliketi kwenye ukingo wa dirisha, miguu ikining'inia, akala chipsi kutoka kwenye karatasi, polepole, huku akitazama mto. Wenzake walidhani ana msiba. Kumbe alikuwa kazini. Mchana alianza kuchora, na alipomaliza alikuwa na dakika moja mpya, iliyokaa katikati ya filamu, mara tu baada ya kifurushi cha ajabu kuibwa sokoni. Ndani yake Hilaire anakaa darajani. Ananunua chipsi. Anakula. Clothilde anakula. Mashua inapita chini. Hilaire anatazama upande mmoja, anafikiri; anatazama upande wa pili, anafikiri. Clothilde anaiba chipsi ndefu kuliko zote. Hakuna anayesema neno, na hakuna anayefukuzwa.

Kwa maoni yake, hakuwahi kuchora kitu bora kuliko hicho. Hakumwambia mtu hivyo, lakini usiku ule aliota bata akitafuna.

Bwana Evrard aliitazama dakika hiyo akiwa amesimama, koti mkononi.

"Hii imetoka kitabu gani?" aliuliza.

"Haikutoka kitabuni, Bwana Evrard," alisema Ghislaine. "Ni ile wiki ya kungojea. Zamani mtoto alisoma kurasa mbili, akapewa siku za kufikiri. Sisi tunampa mtoto kurasa zote kwa mkupuo. Lazima tumrudishie hata dakika moja."

"Ami yangu alichora kwa zaidi ya miaka arobaini. Katika miaka yote hiyo Hilaire hakuwahi kukaa darajani bila kazi. Ni tarishi, mama. Ana kifurushi cha kutafuta."

"Anakitafuta kichwani."

"Mtazamaji haoni kichwani mwa mtu. Anaona bwana mmoja anakula." Akavaa koti. "Watoto watachoka. Itolewe."

Corentin alikuwa akijikuna shingo chini ya sweta. Yeye aliipenda ile dakika, na pia alimwogopa Bwana Evrard, na vitu hivyo viwili vilimfanya abuni njia ya katikati. "Mnaonaje tukiwauliza watoto wenyewe?" alisema. "Jumatano mchana hawana shule. Tuwaalike ukumbi wa maktaba, tuwaonyeshe rasimu pamoja na daraja. Wakichoka kwenye daraja, tunalikata, na Mama Bata hatasema neno."

"Nitasema neno moja," alisema Ghislaine. "Lakini nitalisema nyumbani kwangu."

Bwana Evrard alifikiri. "Na nitajuaje kama wamechoka?"

"Utakaa nao," alisema Corentin.

Hivyo Jumatano ikafika, na ukumbi wa maktaba ukajaa watoto wenye mabuti ya mvua. Viti vilikuwa vya watoto. Bwana Evrard alikaa katikati ya safu ya tatu, magoti yakiwa karibu na masikio, tai imenyooka. Kushoto kwake alikaa msichana wa miaka minane hivi, mwenye pengo la meno mawili, ambaye alimweleza mara moja kwamba anaitwa Apolline na kwamba kiti hicho ni cha rafiki yake lakini rafiki yake ana tetekuwanga, kwa hiyo babu anaweza kukikalia.

Ghislaine na Corentin walisimama nyuma, karibu na mlango. Ghislaine alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Alijua kwamba michoro hukatwa. Ameshakatiwa mingi maishani mwake na hakulia. Lakini hiki hakikuwa mchoro wa mwendo wa bata tu. Kilikuwa kitu pekee katika filamu nzima alichokileta yeye, kutoka kitandani kwao Seraing, na kama kingetupwa hakuna ambaye angejua kwamba kiliwahi kuwepo.

Taa zikazimwa. Breki zikakatwa na watoto wakapiga kelele. Mamba wakatokea, wakapiga kelele zaidi. Kisha kidogo kidogo kelele zikapungua, kwa namna ambayo Ghislaine aliijua: ndiyo namna Toussaint alivyofunga mdomo. Mtoto mmoja alianza kufungua na kufunga zipu ya koti lake. Kifurushi kikaibwa sokoni. Hilaire akafika darajani, akanunua chipsi.

Ukumbi ukanyamaza kabisa.

Kisha kelele zikaanza. Hazikuwa kelele za hofu. Yalikuwa mazungumzo, safu baada ya safu, watoto wakigeukiana, wengine wakisimama juu ya viti, wote migongo kwa skrini au nusu mgongo.

"Imekufa," alinong'ona Corentin. "Hawatazami kabisa. Pole, Mama Bata."

"Hebu sikiliza kwanza."

"Nasikiliza. Ni soko la Jumapili."

"Sikiliza wanachosema, wewe bwana."

Katika safu ya tatu Apolline alikuwa amemvuta Bwana Evrard mkono wa koti.

"Babu, nani kaiba kifurushi?"

"Tutazame, binti," alisema Bwana Evrard.

"Hakuna kitu saa hizi, anakula tu. Sema, nani?"

"Yule mtu mwenye ndevu, bila shaka."

Apolline alimtazama kwa huruma. "Yule ni mzuri. Alimpa bata maji. Hukuona alivyompa bata maji?"

"Labda alimpa maji ili amzoee," alisema mvulana wa mbele, akigeuka. "Babu yuko sahihi. Wezi wanafanya hivyo."

"Wewe ulisema ni mamba."

"Nilikuwa bado sijafikiri."

"Ni yule mama wa maua," alisema mwingine kutoka nyuma. "Kikapu chake kilikuwa kimejaa, halafu kikawa kimejaa zaidi."

"Haiwezekani," alisema Bwana Evrard, na safari hii alijigeuza na kiti chake. "Mama wa maua alikuwa upande wa pili wa soko. Nilimwona kwa macho yangu. Mwenye ndevu ndiye aliyesimama karibu na baiskeli."

"Basi bata angemuuma."

"Bata alikuwa anakunywa maji!"

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, kavu, iliyozoea kuita majina ya wagonjwa dirishani, na ilisikika ukumbi mzima. Kwenye skrini mashua ilikuwa imekwisha kupita na Hilaire alikuwa akiruka juu ya baiskeli. Watoto wote wakageukia mbele kama upepo umewapiga. Bwana Evrard alikuwa bado anaeleza habari za kikapu.

"Babu, nyamaza," alisema Apolline. "Imeanza."

Bwana Evrard akanyamaza. Tangu hapo hadi mwisho watoto walipiga kelele kwa kila kitu, na ilipofunuliwa kwamba mwizi ni mpiga kinanda, nusu ya ukumbi ililalamika kwamba waliibiwa ushindi na nusu nyingine ilidai kwamba walijua tangu mwanzo, jambo ambalo lilikuwa la uongo. Mtoto wa zipu alikuwa amesimama juu ya kiti.

Taa zilipowashwa, Bwana Evrard alihitaji kuvutwa ili ainuke. Apolline alimvuta mkono mmoja na mvulana wa mbele mkono wa pili. Alishukuru, akarekebisha tai, akaja moja kwa moja hadi mlangoni.

"Dakika ile," alimwambia Ghislaine.

"Ndiyo, Bwana Evrard."

"Ina kosa."

Ghislaine alijikaza. "Kosa gani?"

"Anakula na kofia kichwani." Alisema kwa ukali wa kweli. "Ami Achille hakumruhusu mtu yeyote kula mezani kwake na kofia. Hata askari polisi. Hata chipsi. Kama Hilaire lazima ale, na naona kwamba lazima ale, avue kofia."

Ghislaine alitaka kucheka kwa furaha, lakini akili yake ya kazi ilikwisha kufika mbele, na huko ilikuta ukuta.

"Bwana Evrard," alisema polepole, "Hilaire hajawahi kuvua kofia. Hata kitandani. Hata alipoanguka baharini ilibaki kichwani. Chini yake kuna nini?"

Bwana Evrard alimtazama. Ilionekana wazi kwamba hilo hakulifikiria.

"Nywele," alisema.

"Za rangi gani?"

"Masharubu ni mekundu."

"Hiyo si hoja. Kaka yangu alikuwa na masharubu mekundu na kichwa cheusi."

"Ana upara," alisema Corentin. "Nimeamini hivyo tangu utotoni. Ndiyo maana haivui."

"Upara?" Bwana Evrard alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye. "Hilaire ni kijana."

"Kijana wa miaka arobaini na kitu, bosi."

Kibanda cha chipsi kilikuwa ng'ambo ya barabara, na wote watatu walikuwa na njaa. Walivuka kwenye manyunyu, wakaagiza, wakasimama chini ya paa la bati lenye urefu wa meza moja. Muuzaji, mwanamke mkubwa mwenye aproni, aliwasikiliza wanavyovutana, akachovya chipsi kwenye mafuta kwa mara ya pili, akasema bila kuulizwa kwamba mama yake marehemu alikuwa akisema Hilaire ana nywele ndefu za kukunjwa, kama za mwanamke, na kwamba huo ndio msiba wake. Wanaume wawili waliokuwa wakingoja zamu walimwambia hajui kitu. Mmoja alisema ana kovu. Mwingine alisema kuna yai.

"Yai la nini?"

"La Clothilde. Analiatamia."

Bwana Evrard alikuwa ameshavua kofia yake mwenyewe, aliyoivaa kwa ajili ya manyunyu, na kuiweka kando ya chipsi zake. Nywele zake nyeupe chache zilikuwa zimesimama kwa unyevu. Ghislaine alimtazama kidogo, akatafuta penseli mkobani, akakunjua karatasi ya chipsi mahali ambapo mafuta hayakufika. Alichora masharubu, halafu mashavu, halafu kichwa kitupu kinachong'aa, na juu yake kabisa unywele mmoja uliojikunja.

Bwana Evrard aliegemea kuangalia, chipsi mkononi.

"Hapana," alisema. "Sio mmoja. Weka tatu. Na huo wa kati uinamishe kushoto."

Ghislaine aliuinamisha kushoto. Wanaume wawili wakasogea karibu waone, na yule wa yai akasema haya, sawa, lakini mngemuuliza kwanza bata.